Benki inanipa kadi ya Platinum kwa laki 6 kwa mwaka. Nichukue au niache?

#1 NakatoWaBweyos
Habari zenu wakuu. Juzi ofisa wa benki kanipigia simu, anasema akaunti yangu inatembea vizuri na kwa hiyo nimestahili kadi ya mkopo ya daraja la juu, Visa Platinum. Limiti milioni 12, ada ya mwaka laki 6. Nitaingia launji (vyumba vya kupumzikia) za uwanja wa ndege, nitapata pointi kila ninaponunua, bima ya safari, na siku 55 za kutumia pesa ya benki bila riba.

Nina duka la nguo za watoto Ntinda, Kampala. Dubai naenda mara mbili kwa mwaka, mzigo wa kama dola 4,000 kila safari. Nyumbani matumizi yangu makubwa ni ada ya shule ya watoto watatu, mafuta ya gari, yaka (umeme wa kulipia kabla) na chakula. Sijawahi kushika kadi ya mkopo maishani, nina ile ya kawaida ya kutolea pesa ATM. Nimepewa mpaka Ijumaa kujibu. Inanifaa hii, au imetengenezwa kwa ajili ya watu wa aina nyingine?

#2 MzeeKaratasi
Dada Nakato, swali zuri, ila umeanza na kadi. Anza na pesa yako. Chukua daftari, andika miezi mitatu iliyopita kila shilingi ilikopita. Ada ya watoto unalipa vipi? Kama shule iko SchoolPay, ule mfumo wa kulipia ada, nina hakika unapiga namba kwenye simu na pesa inatoka kwenye pesa za simu, MoMo ya MTN au Airtel Money. Yaka hivyo hivyo. Nyanya, matoke na nyama ni pesa taslimu mkononi. Boda ni pesa taslimu. Soko la Owino hakuna mama anayekungoja na mashine ya kadi.

Sasa toa vyote hivyo kwenye hesabu. Kilichobaki ndicho kadi itakachokigusa, na pointi utazipata kwenye hicho tu. Wauzaji wa kadi wanakuhesabia pointi kana kwamba maisha yako yote yanapita kwenye mashine.

#3 DalaliKira
Mzee heshima yako, lakini mimi naona tofauti. Nauza viwanja Kira na Namugongo. Mteja kutoka nje ukimkaribisha chakula ukalipa kwa kadi ya daraja la juu, anakuchukulia kuwa mtu mwenye msimamo. Biashara yangu ni ya kuaminiwa. Laki 6 kwa mwaka ni elfu 50 kwa mwezi, hiyo ni pesa ya kujitangaza tu. Nakato chukua.

#4 Binti_Arua
@DalaliKira mkuu, mteja alinunua kiwanja kwa sababu ya kadi au kwa sababu hati ilikuwa safi? 😀

Nakato mpenzi, mimi nakueleza kilichonipata. Nilipewa kadi, limiti milioni 4. Mama akaugua, nikaitumia yote kwa wiki moja hospitalini. Sijutii, mama yuko hai. Lakini baada ya hapo nilikuwa nalipa "malipo ya chini" tu, asilimia 10 kila mwezi, nikiamini nalimaliza deni. Riba ilikuwa asilimia 3 kwa mwezi. Nikae nikueleze hesabu yake, maana hakuna aliyenieleza.

Deni milioni 4. Mwezi wa kwanza riba ni 120,000, deni linakuwa 4,120,000. Unalipa asilimia 10, yaani 412,000. Linabaki 3,708,000. Umetoa laki 4 na zaidi, deni limeshuka kwa 292,000 tu. Endelea hivyo miezi 12 bila kununua hata pipi: utakuwa umelipa kama milioni 3 na laki 3 na nusu hivi, na bado unadaiwa milioni 1 na laki 6. Riba peke yake inakaribia milioni 1.

Kwa hiyo kabla ya launji, kabla ya pointi, muulize ofisa wako riba ni asilimia ngapi KWA MWEZI, na akuandikie. Akikutajia ya mwaka gawa kwa 12. Akianza kuzungukazunguka, hapo umeshapata jibu.

#5 MutukulaClearing
Binti pole kwa mama, na asante kwa hesabu. Ila huo ni upande wa anayebakiza deni. Mimi natumia kadi ya mkopo mwaka wa tano na riba sijawahi kulipa. Siri yote iko kwenye tarehe.

Kadi yangu inafunga hesabu tarehe 20, nalipa siku 25 baadaye. Nikinunua tarehe 21 Mei, kitu hicho kinaingia kwenye hesabu ya tarehe 20 Juni, nalipa tarehe 15 Julai. Hizo ndizo siku 55. Lakini nikinunua tarehe 19 Juni, bado nalipa 15 Julai ile ile: siku 26. Watu wanasikia "siku 55" wanadhani kila kitu kina siku 55. Hapana.

Mimi nalipia wateja gharama ndogondogo mpakani, wao wananirudishia baada ya mwezi. Kadi inaziba lile pengo. Kwa mtu wa mzunguko kama Nakato, mzigo unauzika kwa wiki ngapi? Kama unanunua tarehe 21 na unamaliza kuuza ndani ya wiki sita, benki imekukopesha mtaji bure. Hilo peke yake lina thamani kuliko pointi zote.

#6 Binti_Arua
@MutukulaClearing kweli, ila ongeza jambo moja. Ukibakiza deni la mwezi uliopita, kadi nyingi zinakufutia zile siku za bure. Kila ununuzi mpya unaanza kula riba siku ile ile. Hapo ndipo nilipoumia mimi. Na kutoa pesa ATM kwa kadi ya mkopo hakuna siku ya bure hata moja, riba inaanza mashine inapohesabu noti, na juu yake kuna ada ya kutoa.

#7 MutukulaClearing
Sahihi kabisa. Nilipaswa kusema. ATM usiguse.

#8 KikuuboGuangzhou
Wakuu, mnaongelea Dubai, mimi niko China mara tatu kwa mwaka, niongeze kidogo. Kule kadi yako ya Platinum unaweza kuzunguka nayo Guangzhou siku nzima mfukoni. Muuza chai, teksi, kibanda cha simu, wote wana karatasi ya kuskani. Tangu 2023 Alipay na WeChat wanakubali kuunganisha kadi ya Visa au Mastercard ya nje, na 2024 wakapandisha kikomo: dola 5,000 kwa malipo moja, 50,000 kwa mwaka. Chini ya yuan 200 hawakukati kitu. Juu ya yuan 200 wanakata asilimia 3. Kwa hiyo mimi kadi ni ya chakula, teksi na hoteli. Mzigo nalipa kwa kuhamisha pesa benki.

Nilichojifunza ni hiki: usichague kadi kwa jina lake, chagua kwa nchi unakoenda.

#9 NakatoWaBweyos
Nimesoma yote, asanteni sana. Binti nimetoa machozi. Sasa naomba mnieleze Dubai. Mara ya mwisho nililipa hoteli kwa kadi yangu ya kawaida, nilipofika nyumbani pesa iliyokatwa ilikuwa kubwa kuliko nilivyopiga hesabu. Nilidhani ni reti tu.

#10 AkiikiFortPortal
Nnyabo, nadhani najua kilichokupata, maana kilinipata Deira, huko huko Dubai, kwenye kaunta ya hoteli. Kijana aliingiza kadi, mashine ikaonyesha mistari miwili: juu AED 620, yaani dirham, pesa ya kule, chini kiasi cha shilingi za Uganda chenye tarakimu nyingi. Kabla sijasoma, kidole gumba chake kilikuwa kimeshabonyeza shilingi. Akanipa risiti, akatabasamu. Nilidhani ananirahisishia.

Ukichagua shilingi, mwenye mashine ndiye anayebadilisha pesa, kwa reti yake, na ameshajiwekea faida yake humo. Ukichagua dirham, inabadilishwa na mtandao wa kadi na benki yako. Siku zote chagua pesa ya nchi uliyopo. Siku hizi nashika mashine mwenyewe, naisoma, ndipo naibonyeza. Kijana akinuna, anune.

Na hii ya mashine haina daraja. Platinum, Gold, ya kawaida, wote tunakatwa sawa.

#11 MzeeKaratasi
Akiiki umesema kweli. Niongeze tabaka la pili. Hata ukichagua dirham, benki yako ya Kampala nayo ina asilimia yake ya kubadilisha. Tuseme ni 3.5. Nakato ananunua mzigo wa dola 8,000 kwa mwaka. Asilimia 3.5 ni dola 280. Kwa reti ya 3,600 hiyo ni shilingi 1,008,000. Mnaona? Tunabishana kuhusu ada ya laki 6, na kuna milioni nzima inapita mlango wa nyuma.

Dirham imefungwa kwa dola tangu 1997, 3.6725 kwa dola moja. Kwa hiyo mtu wa Dubai mwenye akaunti ya dola na kadi ya akaunti hiyo hasumbuki na kupanda na kushuka kwa shilingi akiwa kule. Nakato, kama unaweka dola kidogo kidogo kabla ya safari, pengine huihitaji kadi ya mkopo kabisa. Waulize tu kubadilisha dirham kwenda dola wanakata ngapi.

Halafu kuna jambo hakuna aliyeliona. Limiti milioni 12. Mzigo dola 4,000. Kwa reti hiyo hiyo ni milioni 14.4. Kadi haitoshi hata safari moja!

#12 NakatoWaBweyos
Mungu wangu, hilo sikuliona.

#13 Abiria_EBB
Karibuni tuzungumze launji, maana watu wanaidharau. Uanachama wa launji wa Priority Pass wa chini kabisa nilipoulizia ulikuwa dola 99 kwa mwaka, na kila unapoingia dola 35. Nakato anasafiri mara mbili, kwenda na kurudi, tuseme ataingia mara 4. 99 na 140 ni 239. Kwa 3,600 ni kama laki 8 na elfu 60. Kadi ni laki 6 na ina mengine ndani. Faida iko wazi.

Mnajua kukaa na mtoto mchanga usiku wa manane mnangoja kuunganisha ndege? Mimi nilikuwa na binti yangu wa miezi saba, ndege imechelewa saa tano. Tulipata kochi, maziwa ya moto, bafu. Hiyo siku singeiuza kwa pointi.

#14 Binti_Arua
@Abiria_EBB nakuelewa kwa mtoto. Ila thamani ya kitu ni kile ambacho ungelipa mwenyewe kukipata. Nakato kabla ya simu ya benki amewahi kulipa dola 35 aingie launji? Kama hajawahi, kwake haina thamani ya dola 35. Labda dola 10, bei ya chai na sambusa.

#15 Abiria_EBB
Hajawahi kwa sababu hajui utamu wake 😀. Lakini sawa. Basi aangalie jambo moja: kadi nyingine zinakupa mara chache tu bure kwa mwaka, baada ya hapo wanakukata kwenye kadi bila kukuuliza. Na mgeni uliyeingia naye analipiwa peke yake. Aombe orodha ya launji na atazame uwanja anaobadilishia ndege, si Entebbe peke yake.

Bima pia. Kadi nyingi bima inafanya kazi TU kama tiketi umeilipia kwa kadi hiyo. Wengi wetu tunalipa tiketi taslimu kwa ajenti mjini, halafu tunadhani tuna bima. Anayeomba viza ya Schengen anatakiwa bima ya euro 30,000 na barua ya kuthibitisha, kwa hiyo aiombe benki barua hiyo mapema.

#16 Ustadh_Kisenyi
Assalaam alaykum ndugu zangu. Naingia kwa heshima. Kwa sisi Waislamu mkataba wa kadi ya mkopo una sharti la riba hata kama unakusudia kulipa kabla ya tarehe. Unatia saini kwamba ukichelewa utalipa riba. Wako wanavyuoni wanaokataza kwa sababu ya saini hiyo. Uganda sheria ya benki za Kiislamu ilipita 2016, na Salaam Bank ikapata leseni 2023. Aulizie huko kwanza.

#17 MutukulaClearing
Wa alaykum salaam ustadh. Mimi pia Muislamu. Shehe niliyemuuliza mimi aliniambia mwenye uwezo wa kulipa yote kwa wakati na mwenye haja ya kweli asiwe na wasiwasi. Rai ziko mbili. Nilimuelewa wa kwangu.

#18 Ustadh_Kisenyi
Rai ziko, sikatai. Ila haja iwe haja. Launji si haja.

#19 GuluKwetu
Mimi nataka kuzungumzia kuifunga, maana kila mtu anazungumzia kuifungua. Nilikuwa na kadi ya benki moja, jina naliacha. Mwaka wa kwanza ada bure. Sikuitumia hata mara moja. Nikaikata kwa mkasi nikadhani yameisha. Mwaka wa pili wakaweka ada, ada ikazaa riba, riba ikazaa faini. Namba yangu ya simu ilikuwa imebadilika, ujumbe sikuupata. Miaka miwili baadaye naomba mkopo wa kununua trekta, naambiwa nina doa CRB, kule wanakotunza kumbukumbu za wakopaji. Kwa kadi ambayo haijanunua hata soda! Msimu wa kulima ulipita nikihangaika na barua.

Dada, kukata plastiki si kufunga akaunti. Andika barua, wapigie muhuri nakala yako, dai uthibitisho kwamba deni ni sifuri. Na "mwaka wa kwanza bure" iwekee alama kwenye kalenda.

#20 DalaliKira
Pole Gulu, hiyo inauma. Kuna masahihisho nataka kufanya pia. Watu wanaita Platinum "ya juu kabisa". Kwa Visa, juu ya Platinum kuna Signature na Infinite. Mastercard nao wana World na World Elite. Platinum ni katikati. Nakato kama atalipa laki 6, aulize kwanza kama kwa pesa hiyo hiyo kuna benki inatoa zaidi.

#21 KikuuboGuangzhou
Dalali bado unapanda ngazi tu. Utatufikisha kwenye kadi ya dhahabu halisi.

#22 DalaliKira
Ikiwepo mniambie 😀

#23 MamaShifa_Jinja
Kimya kimya nimesoma. Nauliza: kwa nini hakuna aliyetaja kadi ya dhamana? Mimi mshahara sina, niliweka milioni 5 kwenye akaunti ya muda maalumu, benki ikanipa kadi ya limiti milioni 4. Pesa yangu inazaa riba yake kule (wanakata kodi asilimia 15 ya riba), na kadi natumia kulipia matangazo ya biashara mtandaoni. Nikikosea, wana pesa yangu. Sina usiku wa kukosa usingizi.

#24 MzeeKaratasi
Mama Shifa, kwa mtu wa mara ya kwanza hiyo ni njia nzuri sana. Ila pesa yako imefungwa. Nakato akifungia milioni 15, mtaji wa duka utatoka wapi?

#25 BodaYaKawempe
Nyie mna pesa. Mimi kodi ya kutoa pesa kwenye simu ile nusu asilimia inanitosha kunikasirisha. Mnakumbuka 2018 walivyoanza na asilimia 1 kwa kila kitu, kuweka, kutuma, kutoa?

#26 GuluKwetu
Tunakumbuka. Na ile 200 ya kila siku ya mitandao. Ila uzi ni wa kadi ssebo, hiyo ifungulie wake.

#27 NakatoWaBweyos
Nimerudi na daftari kama Mzee alivyosema. Nimekaa jana usiku baada ya kufunga duka, watoto wamelala, nikafungua ujumbe wote wa MoMo wa miezi mitatu. Imenichukua mpaka saa saba usiku.

Kwa wastani wa mwezi: ada ya shule nikigawanya ni milioni 1.4, yote kupitia simu. Yaka, maji na bando laki 3, simu. Chakula laki 9, na katika hiyo ya supamaketi ni laki 2 na nusu tu, iliyobaki sokoni. Mafuta laki 4, kituo changu wana mashine ya kadi. Pango la duka milioni 1.2, mwenye nyumba anataka benki kwa benki. Kwa hiyo kadi nyumbani ingegusa kama laki 6 na nusu kwa mwezi. Nimempigia ofisa, akasema mafuta hayahesabiwi kwenye pointi. Imebaki laki 2 na nusu!

Riba akanitajia kwa mdomo. Nilipomwomba aandike akasema atanitumia barua pepe. Mpaka sasa haijafika.

Kitu kilichonishangaza ni mzigo. Nimeangalia tarehe: wa Januari niliuza kwa wiki tisa, wa Agosti kwa wiki tano kwa sababu ya shule kufungua Septemba. Kwa hiyo maneno ya MutukulaClearing yanafaa safari moja, na nyingine yananizamisha.

#28 MutukulaClearing
Wiki tisa ni siku 63. Hapo hapana. Tumia ya Agosti tu, na ununue siku moja baada ya kadi yako kufunga hesabu, si siku moja kabla.

#29 Binti_Arua
Au usitumie. Agosti hii ikiuza wiki tano, nani amekuahidi ya mwakani?

#30 MutukulaClearing
Binti, biashara yote ni hivyo.

#31 Abiria_EBB
Nakato muombe akuondolee ada mwaka wa kwanza. Wana uwezo, wanasubiri uombe. Halafu uweke alama ya GuluKwetu kwenye kalenda.

#32 NakatoWaBweyos
Leo ni Alhamisi. Nimemwandikia kwamba sitatia saini kabla ya kuona riba na asilimia ya kubadilisha pesa kwa maandishi, Ijumaa ipite ikipita. Na kesho asubuhi naenda tawini kuuliza kuhusu akaunti ya dola. Mzee Karatasi, kufungua hiyo wanataka kianzio cha dola ngapi, na naweza kuweka shilingi wakabadilisha wao, au ninunue dola mwenyewe kwenye maduka ya kubadilisha pesa kwanza?

#33 MzeeKaratasi
Kianzio kinatofautiana benki na benki, uliza tatu. Kuhusu kubadilisha, nenda na reti ya duka la fedha la siku hiyo imeandikwa kwenye karatasi, uiweke mezani mbele ya karani, umwambie: nipe hii au zaidi ya hii. Kwa dola 4,000 shilingi 30 tu kwa dola ni 120,000.

#34 AkiikiFortPortal
Mzee, na noti za dola ziwe mpya. Za zamani wanapunguza reti, au wanakataa kabisa.